Picha ya SEM imetoka mbovu? Rudi mezani kwanza: matatizo ya sampuli za chuma kilichotobolewa

Habari zenu wakuu. Hii ni kwa yeyote anayetoboa chuma kwa drili halafu anataka kuliangalia lile tundu kwenye hadubini ya elektroni, iwe uko chuoni Tengeru au una karakana yako Unga Limited hapa Arusha na unataka kujua kwanini biti inaacha ukuta umechanika. Nitaiita SEM tu maana ndo jina tunalotumia wote. Msimamo wangu ni kwamba picha mbovu mara nyingi haitokani na SEM, inatoka kwenye msumeno, kwenye msasa au kwenye beseni la kuoshea, na ubaya wenyewe wa picha unakuambia umeharibu hatua gani. Watu wanakimbilia kuzungusha fokasi na volteji mpaka saa ya mashine inaisha, na saa ya mashine inalipiwa, wakati jibu lilibaki mezani.

Kabla ya dalili yoyote jiulize unataka kuona nini, maana kuna njia mbili na hazichanganyiki. Ya kwanza unataka kuona tundu kama drili ilivyoliacha, yaani mikwaruzo ya ukutani, chuma kilichotokeza ukingoni, chuma kilichopakaa, chenga zilizogandia. Hapo hupigi msasa wala hutumii asidi, unaosha, unakausha, unashikiza, basi. Ya pili unataka kuona kilichotokea chini ya ngozi ya ukuta, chembe za chuma zimeburutwa kiasi gani na joto limeingia mpaka wapi, na hapo unakata tundu kwa urefu wake, unamwagia epoksi, unapiga msasa mpaka uso unang'aa kama kioo. Ukipiga msasa kidogo tu "ili iwe safi" halafu ukataka kusoma mikwaruzo ya drili, ujue unasoma mikwaruzo ya msasa. Kama una chuma cha kutosha toboa matundu mawili kwa biti ileile na spidi ileile, moja kwa kila njia.

Picha inameremeta, ina mistari ya mlalo, inateleza

Sehemu inakuwa nyeupe pe, mistari inakatiza, picha inaruka au inasogea pembeni taratibu. Hiyo ni chaji, elektroni zinaingia kwenye sampuli na hazina njia ya kutoka kwenda ardhini. Mtu atabisha kwamba hiki ni chuma na chuma kinapitisha umeme, ni kweli kabisa, ila umeme unatakiwa ufike mpaka kwenye stabu (kile kidude cha alumini unachobandikia sampuli) na njiani kuna vizuizi: epoksi haipitishi, utando wa mafuta haupitishi, alumini iliyofanyiwa anodaizi (iliyojengewa ngozi ngumu ya oksidi kwa umeme) ngozi yake haipitishi hata kidogo, na chenga iliyokaa tu ndani ya tundu bila kugusana vizuri na ukuta inabaki kisiwa, ndo maana wakati mwingine sampuli nzima iko sawa ila kitu kimoja ndani ya tundu kinawaka kama taa.

Chukua maltimita ya kawaida ya mafundi umeme, waya mmoja kwenye stabu, mwingine kwenye chuma cha sampuli lakini pembeni, siyo pale utakapopiga picha maana utapakwaruza. Ikisoma ohm chache tu uko vizuri. Ikionyesha hakuna njia, paka mstari wa rangi ya fedha kutoka kwenye uso wa chuma ushuke ubavuni mwa epoksi mpaka kwenye stabu, uache ukauke kabisa kabla ya kuingiza kwenye vakyumu, au tumia utepe wa shaba. Kwenye anodaizi kwangua sehemu ndogo upande wa chini mpaka alumini yenyewe ionekane ndo ubandike hapo. Epoksi iliyobaki wazi ifunike na utepe wa shaba uache dirisha la tundu tu. Bado inasumbua, shusha volteji mpaka kV 5 au chini yake, na mwisho kabisa ndo upake dhahabu au kaboni, nanomita 5 mpaka 10 zinatosha. Watu wanapaka nene wakidhani ndo usalama, halafu wanashangaa ukuta wa tundu umejaa vidonge vidonge, zile ni chembe za dhahabu yenyewe.

Ila siyo kila picha inayoteleza ina chaji. Badilisha spidi ya skani au volteji, kama utelezaji unabadilika tabia ni chaji, kama unaendelea vilevile kwa mwendo uleule basi sampuli inasogea kweli. Tepu ya kaboni ni laini, kipande kizito cha chuma kinaizamia polepole, hasa ukikiinamisha. Kipande kizito kifunge kwa skrubu au kishikilio, tepu waachie vipande vyepesi.

Mraba mweusi unabaki ukipunguza ukuzaji

Umepiga picha kwa karibu, ukirudi nyuma unakuta pale ulipokuwa pamebaki mraba mweusi umechorwa. Huo ni uchafu wa mafuta: mwale wa elektroni unavunja molekuli za mafuta zilizo juu ya uso na kuzigandisha hapohapo, na kadiri unavyokaa sehemu moja ndo unazidi kuwa mweusi na vitu vidogo vinafunikwa. Kwa chuma kilichotobolewa hii ni karibu lazima itokee usipoosha kwa bidii, maana drili imefanya kazi ndani ya mafuta ya kukatia au yale maji meupe ya sabuni ya mashine, na tundu ndo mahali pazuri pa mafuta kujificha.

Mpangilio wa kuosha ninaouamini ni huu. Anza na maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, brashi laini, mswaki mpya unafaa, kwa ndani ya tundu tumia brashi zile nyembamba za katikati ya meno. Suuza. Kisha asetoni ndani ya bika (glasi ya maabara), na bika ndo likae ndani ya maji ya mashine ya altrasoniki (inayosafisha kwa mtikisiko wa mawimbi ya sauti) dakika 5 mpaka 10. Usimwage asetoni moja kwa moja kwenye beseni la altrasoniki, mvuke wake unashika moto na chini yake kuna umeme na wakati mwingine hita. Baada ya asetoni ingiza kwenye isopropanoli au ethanoli safi, tena altrasoniki, ndo utoe na kukausha. Asetoni isiwe ya mwisho kwa sababu inakauka haraka mno, inaacha ule uchafu ilioubeba palepale na inapoza chuma mpaka unyevu wa hewa unatua juu yake, wakati wa masika utaona kabisa ukungu unashika uso wa chuma.

Kuna kitu kidogo hapa watu wanakipita. Tundu lisilotokea upande wa pili, ukilizamisha mdomo ukiwa chini, hewa inabaki ndani na asetoni haifiki chini kabisa, utaosha nusu saa na kule ndani mafuta yako palepale. Zamisha mdomo ukiwa juu, tikisa mpaka mapovu yatoke yote, halafu ndo uugeuze mdomo chini ukiwa bado ndani ya asetoni ili chenga zidondoke. Ukiona bikani zinatulia chenga nyembamba za kung'aa, mwaga, weka asetoni mpya, rudia mpaka chini ya bika pabaki peupe.

Kukausha usitumie hewa ya kompresa ya karakana, ile inatoka na mafuta na maji, unarudisha uchafu ulioutoa. Tumia kipulizio cha mpira, kisha oveni nyuzi 60 mpaka 80 kwa saa moja au zaidi. Na kuanzia hapo glavu za naitraili zisizo na poda, kidole kimoja tu kinatosha kurudisha mraba mweusi.

Sampuli iliyokwisha kumwagiwa epoksi usiiingize kwenye asetoni, epoksi inavimba na kuachana na chuma. Ethanoli tu.

Hapohapo niseme na la mashine kuchelewa kufikia vakyumu: kama jana ilifika haraka na leo na sampuli yako inasuasua, ni kimiminika kilichobaki kwenye tundu, au epoksi haijaiva, au rangi ya fedha mbichi. Kutoa, oveni, kurudia. Usimlazimishe mwenye mashine asubiri tu.

Alama nyeupe na vigae kuzunguka mdomo wa tundu

Hii ni ya kwetu kabisa. Wote tunajua maji ya upande huu wa Mlima Meru yana floraidi nyingi na magadi, meno ya kahawia ya watu wetu yanaonyesha. Sasa ukisuuza sampuli kwa maji ya bomba au ya kisima ukaiacha ikauke yenyewe, maji yanaondoka na chumvi zinabaki. Ichukue sampuli uangalie kwa lupu (lenzi ya mkononi) chini ya taa, utaona duara jembamba jeupe kwenye mdomo wa tundu, pale tone la mwisho lilipokaukia, na kwenye SEM duara hilo linageuka vigae vilivyopasuka pasuka ambavyo mtu asiyejua atasema ni oksidi imesababishwa na joto la drili. Suuzo la mwisho la maji liwe maji yaliyotoneshwa (yale ya kuongezea betri ya gari yanayouzwa sheli, soma chupa uhakikishe siyo ya asidi), halafu alkoholi, halafu upulize. Usiache tone likauke lenyewe popote.

EDS inasema kuna elementi usiyoitegemea

Hapa naomba mtu asome polepole maana ripoti nyingi zinaharibika hapa, na hazionekani zimeharibika.

Umekuta alama nyeupe, ukapima kwa EDS (kifaa cha kwenye SEM kinachotambua elementi kwa eksirei zake), programu ikakuandikia floraini. Kwa Arusha jibu linakuja lenyewe: maji! Lakini kama chuma chako ni cha feri (chuma chenyewe, Fe, siyo alumini), angalia tena. Kilele cha floraini kinakaa kwenye keV 0.68 (keV ni kipimo cha nishati ya eksirei) na feri ina kilele chake kidogo kwenye keV 0.70, na ditekta ya EDS haina uwezo wa kuvitenganisha hivyo viwili, programu inachagua jina moja. Kwa hiyo nenda mbali na tundu, kwenye chuma safi, pima tena. Kama "floraini" iko palepale kwa kiwango kilekile, hiyo ni feri. Kama kwenye alama kile kilele kinapanda wakati feri ya keV 6.40 inashuka, na sodiamu nayo imejitokeza kwenye 1.04, hapo ndo useme maji. Kwenye alumini huna huu mgogoro.

Mtego wa pili ni silikoni na tangsteni. Biti za HSS (chuma kigumu cha kukatia) aina ya M2 zina tangsteni kama asilimia 6 na molibdenamu kama asilimia 5, na biti za kabaidi ni tangsteni kabaidi na kobalti, kwa hiyo mtu anayechunguza biti inavyokwisha anatafuta tangsteni iliyopakaa ukutani, ni utafiti mzuri kabisa. Tatizo tangsteni inatoa kilele 1.77 na silikoni 1.74, na silikoni iko kila mahali, iko kwenye vumbi letu la kiangazi, iko kwenye msasa wenyewe maana msasa wa maji ni silikoni kabaidi, iko kwenye alumini za kumimina. Ukitaka kuwa na uhakika pandisha volteji mpaka kV 20 na utafute kilele cha pili cha tangsteni kwenye keV 8.40. Kipo, ni biti. Hakipo, ni vumbi au msasa, rudi ukaoshe.

Wa tatu ni salfa. Mafuta mengi ya kukatia yana salfa, kwa hiyo mtu anaiona ukutani anaandika "mabaki ya mafuta". Salfa iko 2.31, molibdenamu iko 2.29, na dhahabu uliyopaka iko 2.12 imekaa jirani kabisa inafunika kushoto kwake fosforasi na kulia kwake salfa. Kama unajua utapima EDS, usipake dhahabu, paka kaboni. Na kama molibdenamu inahusika itafute kwenye keV 17.4, ingawa kwa kV 20 itakuwa ndogo, inabidi kukusanya kwa muda mrefu.

Shaba ikionekana na hujatoboa shaba, angalia utepe wako au epoksi yenye unga wa shaba kabla hujaandika chochote.

Ukingo wa tundu umeviringika, haushiki fokasi

Hii ni kwa njia ya pili, sampuli iliyokatwa na kung'arishwa. Katikati ya chuma picha kali, ukifika ukingoni mwa tundu inafifia, ukirekebisha ukingo katikati inafifia. Ukingo umelika zaidi kuliko sehemu nyingine na umekuwa mteremko, na bahati mbaya kile unachotafuta, ile tabaka ya maikroni chache iliyoburutwa na biti, ndo iko kwenye huo mteremko.

Sababu kubwa ni tundu kuwa tupu wakati wa kupiga msasa. Lazima lijazwe epoksi mpaka ndani kabisa, na epoksi haiingii yenyewe, inabidi uiweke kwenye chombo cha vakyumu utoe hewa halafu urudishe presha ndo isukumwe ndani. Sababu nyingine ni epoksi iliyosinyaa ikaacha mwanya mwembamba kati yake na ukuta, utauona kama mstari mweusi kwenye SEM, na kwenye huo mwanya kunajificha mchanga wa msasa na maji yanayotoka baadaye na kukuchafulia. Tumia epoksi inayoiva polepole, hadina (dawa ya kuigandisha) usizidishe ukidhani unaharakisha, pima kwa mzani kama chupa inavyosema. Mwezi wa sita na wa saba Arusha inakuwa baridi na chumba kiko chini ya zile nyuzi 25 ambazo watengenezaji wanazifikiria, kwa hiyo iliyoandikwa itaiva kesho asubuhi unaikuta bado laini ukiibonyeza kwa kucha. Iache, usiipige msasa, au isogeze sehemu yenye joto la wastani. Kama ukingo ni muhimu kupita vyote, upakwe nikeli ya kemikali kabla ya epoksi, unakuwa na ukuta mgumu unaoulinda.

Na kitambaa cha kung'arishia kiwe kigumu kisicho na manyoya marefu, dakika chache. Kung'arisha sana ndo kunaviringisha ukingo.

Ukuta una tabaka la ajabu, au rangi ya bluu

Kabla hujalilaumu joto la drili, uliza ilikatwaje. Nilishaletewa kipande cha chuma kutoka karakana moja, kimekatwa kwa grainda ya mkono bila maji, pale kwenye mkato kuna utepe wa njano kisha bluu, na mwenyewe anataka kupima joto la kutoboa. Njano ya majani makavu maana yake chuma kilifika kama nyuzi 230, bluu ni kama 300, na hilo joto limetoka kwenye grainda. Mkato wa aina hiyo umeshafuta ulichotaka kuona.

Kata kwa diski nyembamba yenye maji mengi, au msumeno wa chuma wa mkono na uvumilivu, mbali na tundu milimita chache, halafu ingia kwa msasa wa maji taratibu mpaka ufike katikati. Waliokata kwa waya wa cheche za umeme nao wana kazi, ule mkato unaacha ngozi iliyoyeyuka na kuganda tena yenye nyufa ndogo ndogo, isagwe yote iondoke.

Na katikati uwe katikati kweli. Upana wa tundu kwenye uso uliosaga ndo unakuambia, lakini kalipa inadanganya hapa: tundu la milimita 8, ukikosa katikati kwa milimita 1, upana unasoma 7.75, mtu anasema poa tu, na ni kweli kosa la unene wa tabaka hapo ni kama asilimia 3. Ukikosa kwa milimita 2 upana ni 6.93 na tabaka linaonekana nene kwa asilimia 15 zaidi. Ukikosa kwa 3, unene unazidi kwa nusu nzima. Pima upana, uandike, na usiripoti unene wowote bila hicho kipimo.

Mikwaruzo haiishi, au uso laini mno

Mikwaruzo yote ikielekea upande mmoja umeruka hatua ya msasa. Nenda P240, P400, P800, P1200, P2000, ile ya maji ya wapiga rangi magari inapatikana maduka ya spea na inafanya kazi vizuri ikiwa mpya, na kila ukibadilisha msasa geuza sampuli nyuzi 90 usage mpaka mikwaruzo ya zamani iishe yote. P2000 chembe zake ni kama maikroni 10, kwa hiyo baada yake ndo almasi ya maikroni 6 au 3, kisha 1. Osha sampuli NA mikono kati ya kila hatua, chembe moja ya P240 ikisafiri mpaka kwenye kitambaa cha almasi imekuharibia kitambaa. Funga madirisha upande wa vumbi.

Alumini inazamiwa na chembe za msasa, zinaonekana kama kokoto zenye kona kali. Punguza mkandamizo, maji mengi, tupa msasa uliochoka.

Uso laini mno usio na chochote ndani ni chuma kilichopakaa juu ya chuma. Kwa chuma cha feri tumia naitali ya asilimia 2, yaani asidi ya naitriki ml 2 kwenye ethanoli ml 98, sekunde 5 mpaka 15, suuza kwa alkoholi, kausha, ng'arisha tena kidogo, rudia. Asidi ndo inaingia kwenye alkoholi, polepole, miwani na glavu, mahali penye hewa. Usiiweke kwenye chupa iliyofungwa kwa nguvu, inatoa gesi. Na asidi ya naitriki isikutane na asetoni kabisa, kabisa, ni mchanganyiko unaolipuka, kwa hiyo ndoo ya taka za asetoni iwe mbali na meza ya asidi. Kwa alumini vitabu vinataja dawa zenye asidi ya haidrofloriki, na mimi nasema kama huna jeli ya kalsiamu glukoneti pembeni na mtu aliyefundishwa, usiiguse, inapenya ngozi bila kuuma kwanza na inaenda kwenye mfupa. Gramu 1 ya soda kali (kostiki) kwenye maji ml 100 kwa sekunde kama 10 inakutosha, au tumia ditekta ya elektroni zinazorudi nyuma bila dawa yoyote.

Picha imevutika upande na stigmeta (kirekebishi cha mvutiko kwenye SEM) haiimalizi

Chuma kimeshika sumaku. Drili za besi ya sumaku na vishikilio vya karakana vinafanya hivyo. Ning'iniza pini nyembamba kwa uzi karibu na sampuli, ikivutwa jua ndo hilo. Ipitishe ndani ya koili ya umeme wa AC uivute nje taratibu mpaka mbali, umeme usizimwe sampuli ikiwa bado ndani. Kubwa zaidi ni chenga: chenga ya feri iliyolegea ndani ya tundu inaweza kuruka ikanasa kwenye lenzi ya mashine, na hapo siyo picha yako tu imeharibika, ni kazi ya watu wote mpaka fundi aje. Sampuli ikibaki na chenga yenye kucheza, haiingii.

Ndani ya tundu ni giza

Elektroni zinatoka ukutani lakini hazifiki kwenye ditekta, zinagonga ukuta wa pili. Inamisha sampuli nyuzi 30 mpaka 45, zungusha mdomo uangalie ditekta, utapata sehemu ya juu ya ukuta. Kwa chini kabisa hakuna ujanja, kata. Kama mwenye kitu hataki kikatwe, jaza tundu raba ya silikoni ya madaktari wa meno ile ya kuchukulia alama za meno, ikiganda ivute, ipake dhahabu, upige picha hiyo. Kumbuka kila kitu kimegeuzwa, mfereji unaonekana kama tuta.

Ilikuwa safi, imefika na kutu

Uso uliopitishwa naitali unaweza kushika kutu usiku mmoja wa masika. Kama sampuli inasafiri na basi kwenda kupigwa picha mji mwingine, iweke kwenye kiboksi kigumu ikiwa imesimama kwenye stabu yake, uso usiguse kitu, silika jeli kavu ndani, na usiizungushie pamba maana nyuzi zake zinanasa kwenye ukingo wa tundu na hazitoki. Namba ya sampuli ikwaruze chini ya stabu kwa sindano badala ya maka peni, na uandike upande upi biti iliingilia, maana ukishakata na kumwaga epoksi pande mbili zinafanana na mwenye mashine hana namna ya kujua.